Milango Arobaini na Mmoja

3 Machi

Kwa Bwana Afisa Mipango,

Simu yako nimeifunga, usijisumbue kupiga. Ninyi watu wa ofisini neno lisilo na karatasi mnalikana kesho yake, kwa hiyo nakuandikia, na barua hii naipitisha masjala igongwe muhuri, usije ukasema hukuiona.

Leo asubuhi nimekuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa karakana ya Baba. Ukuta upo, nguzo ipo, wao wakaona mlango, tena kwa gundi, juu ya vanishi niliyopaka mwezi uliopita. Inasema mtaa wetu wa maseremala ni "eneo lililodorora kiuchumi". Inasema kati ya milango arobaini na mmoja, inayofanya kazi ni wastani wa kumi. Inasema tarehe nne Aprili baraza litaamua kama tuondolewe hapa pajengwe maegesho ya malori. Chini yake ipo saini yako, ile yenye mkia mrefu uliyokuwa ukijifunza kwenye vipande vya plaiwudi ulipokuwa darasa la sita.

Kumi! Baba nilipomsomea alicheka, akadhani ni utani wa Mama Vitanda wa karakana ya jirani. Nikamwambia, huu si utani wa Mama Vitanda, huyu ni mwanao. Akaacha kucheka, akarudi kwenye randa yake.

Nimemuuliza mlinzi wa lango lenu, akaniambia gari la hesabu huwa linatoka Jumatatu. Jumatatu, mdogo wangu! Wewe uliyezaliwa kwenye maranda, uliyekuwa ukiamshwa kila Jumatatu kwenda kiwanda cha kupasua mbao kushika foleni, hukujua kwamba siku hiyo mtaa mzima uko huko? Hukujua kwamba asiyechagua mbao zake mwenyewe anapewa zenye vifundo? Au ulijua, ukaona ndiyo siku nzuri ya kututafutia kasoro?

Nataka jibu la maandishi.

Katibu, Chama cha Mafundi Seremala
(ambaye pia ni dada yako, kama bado unakumbuka)


9 Machi

Dada,

Barua yako nimeipata. Nyingine naomba uilete kwenye bahasha iliyofungwa. Karani wa masjala aliisoma yote kabla yangu, akaniletea huku akiuma midomo asicheke, na ofisi nzima sasa inajua habari za plaiwudi.

Umeuliza, nami nakujibu kwa utaratibu. Halmashauri iliagizwa ijipimie maendeleo ya uchumi wa mji kwa viashiria vinavyoeleweka. Kila idara ikaja na vyake, tukajikuta na viashiria sitini na vitatu. Mmoja alitaka tupime furaha ya wananchi, na alikuwa hatanii. Wiki tatu nilikaa na watu hao chumba kimoja, feni mbovu, mpaka tukabaki na sita. Kiashiria kizuri ni kile ambacho mtu yeyote anaweza kukihesabu, kwa njia ileile, kila robo mwaka, bila kumuuliza mtu maneno. Ukiuliza idadi ya wafanyakazi, mwenye karakana anasema watatu, jirani yake anasema saba, kwenye fomu anaandika hakuna. Mlango ama uko wazi ama umefungwa. Ndiyo sababu tulichagua milango.

Chama chenu kilialikwa kwenye vikao vya kuchagua viashiria. Barua tatu za mwaliko, zote kwa jina la cheo chako. Hakuna aliyekuja. Wauza vyuma walikuja, washona viatu walikuja, hata wenye mabanda ya kuoshea magari walikuja wakabishana mpaka jioni. Viti vyenu vilikaa vitupu, nami nikaona aibu mbele ya watu.

Sasa hiyo Jumatatu. Naijua kuliko unavyodhani. Nilisimama kwenye kikao nikasema Jumatatu peke yake haifai kwa maseremala, waongezewe siku nyingine. Wenzangu walilalamika kuhusu gari, nikang'ang'ana mpaka wakakubali. Mlihesabiwa mara nne. Jumatatu mbili, milango tisa na milango minane. Alhamisi mbili, kumi na miwili na kumi na mmoja.

Nami nina swali langu la maandishi. Alhamisi nayo mlikuwa kwenye mbao?

Afisa Mipango


13 Machi

Bwana Mipango,

Bahasha hiyo, imefungwa kwa gundi ya mbao. Ukishindwa kuifungua lete patasi, kama hujasahau inavyoshikwa.

Mialiko yako ilinifika yote mitatu. Nilipashia gundi moto kwa hiyo mialiko, na iliwaka vizuri, karatasi yenu ni nzito. Ulitaka nije nikae kwenye chumba cha feni mbovu nisikilize mkibishana juu ya furaha, huku nina makabati sita ya shule yanasubiri bawaba?

Umesema mlango ama uko wazi ama umefungwa. Maneno ya mtu anayeupita mtaa akiwa ndani ya gari. Nyuma ya milango hiyo kuna watu mia moja thelathini na saba. Nimewahesabu mimi, kwa miguu yangu, kwa siku moja, bila gari wala posho. Ishirini na sita wanajifunza kazi. Kumi na mmoja waliomaliza mwaka huu wamefungua karakana zao mitaa mingine. Hicho hakikuwa kiashiria kwenye sitini na vitatu vyako? Au kilikuwemo ukakifuta, kwa sababu kingekulazimu kuingia ndani, ukanyage maranda, viatu vichafuke?

Miaka miwili hujatia mguu hapa. Baba akiulizwa anasema una kazi nyingi. Anakutetea, na mimi namsikia. Tulikuita Msasa kwa sababu hakuna kazi nyingine uliyoikubali utotoni ila kupiga msasa, na hiyo kwa kunung'unika. Nilidhani ulikuwa mvivu tu. Kumbe ulikuwa unatuonea aibu, na sasa umepata cheo cha kutufuta kabisa.

Hesabu yako ni mbovu. Ifute.

Katibu


19 Machi

Dada,

Nimesoma barua yako mara mbili, na hujajibu swali. Umenipeleka kwenye viatu, kwenye msasa, kwenye Baba, kote isipokuwa Alhamisi. Nakufahamu. Ulipovunja kioo cha kabati la mteja ukiwa na miaka kumi na minne uliongea hivihivi, maneno mengi na yote ya pembeni, nikachapwa mimi.

Basi nimeshuka stoo nikatoa madaftari ya wakusanya takwimu. Kila ukurasa una safu ya mwisho ya maelezo, ambayo haiingii kwenye jumla na kwa kawaida hakuna anayeisoma. Binti aliyehesabu mtaa wenu ni makini. Ameandika hivi, nakunakilia: "Mlango wa 7, umefungwa, msumeno unasikika ndani. Mlango wa 8, umefungwa, mtu anakohoa. Mlango wa 15, umefungwa, harufu ya vanishi mbichi. Mlango wa 22, umefungwa kwa ndani, nimegonga, redio ikazimwa." Inaendelea hivyo kurasa tatu. Kwenye mlango wa 30, ambao ni wa karakana ya Baba yetu, ameandika: "Umefungwa. Mwanamke amesema kutoka ndani kwamba hakuna mtu."

Hakuna mtu! Sauti ya nani hiyo, Dada?

Mlijificha. Kuna mtu aliyewaambia mfunge milango, na mtaa ule hauna mtu wa kuwaambia watu arobaini wafanye jambo moja kwa wakati mmoja ila mmoja.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sikutakiwa kulisema kwa mtu yeyote na nikilisema nimevunja kiapo. Hesabu ile haikuwa ya kuwaumiza. Mtaa wowote wenye milango thelathini na zaidi iliyo wazi, hata siku moja tu kati ya zile nne, ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye mpango: umeme wa njia tatu, banda la mashine za pamoja, mashine ya kuranda na ya kupasulia, barabara iwekwe kokoto. Kiwango hicho cha thelathini nilikipendekeza mimi. Nilikipanga nikiwa na mtaa wenu kichwani, nikijua mna arobaini na mmoja, nikijua hata robo ya watu wakiugua mafua bado mtafika. Sikuwaambia kwa sababu mtu ukimwambia unampima urefu anasimama kwa ncha za vidole, na mitaa yote ingefungua mpaka vyoo. Mlichotakiwa kufanya ni kufanya kazi kama siku zote, milango wazi. Ni hilo tu!

Mkashindwa. Mkajifungia gizani na misumeno yenu, mkajiandikia wenyewe kwamba mmekufa. Usiniambie tena mimi ndiye niliyewafuta.

Ndugu yako


22 Machi

Msasa,

Ni mimi. Umefurahi? Mimi niliwapigia simu watu kutoka kona ya kwanza, gari lilipoingia, nikasema fungeni. Na Alhamisi ya pili nilisimama kabisa dirishani kama askari. Sauti iliyosema hakuna mtu ni yangu.

Sasa nawe jibu. Mwaka juzi, mwezi wa tano, walikuja watu wenye vizibao vya kijani na madaftari. Tukawakaribisha. Tukawapa viti, Mama Vitanda akawapa mpaka maji ya baridi, wakatuhesabu wakatabasamu. Wiki tatu baadaye milango tisa ikapigwa minyororo kwa kukosa mitungi ya kuzimia moto. Fundi wa meza wa mlango wa 19 alikaa miezi minne nje ya karakana yake mwenyewe, akiangalia mbao zake zinapinda kwa unyevu. Hakurudi tena kwenye kazi. Yuko kwa wakwe zake anachunga kuku. Nilikuandikia wakati ule, ukanijibu mstari mmoja, kwamba ile ni idara nyingine.

Kwetu kizibao ni kizibao. Hatujui cha idara gani kinakuja na mnyororo na cha idara gani kinakuja na umeme. Hamna hata haya ya kubadilisha rangi! Halafu unakaa huko juu unatupangia mema kwa siri, na unataka tukuamini kwa siri hiyohiyo. Ungeniambia neno moja tu, moja, kwamba Alhamisi ni salama, ningeng'oa milango kutoka kwenye bawaba.

Zimebaki siku kumi na tatu mpaka kikao. Hesabu upya. Njoo Alhamisi, njoo Jumanne, njoo siku yoyote unayotaka, njoo na kizibao cha rangi yoyote.

Mimi nimekosa, nawe umekosa, lakini watakaotolewa nje ni Baba na wenzake.

Dada yako


26 Machi

Dada,

Unadhani kuhesabu upya ni kama kupima ubao mara ya pili. Ripoti imeshapanda juu. Imesifiwa. Imetumwa kwa halmashauri nyingine kama mfano wa kuigwa, na mimi nimealikwa kwenda kuwafundisha. Nikisema takwimu za mtaa mmoja ni mbovu kwa sababu watu waliogopa vizibao, wataniuliza watu wa mitaa mingine kumi na sita walikuwa na moyo gani. Nami nitajibu nini? Nimeshuka stoo tena, nimesoma safu ya mwisho ya madaftari yote. Nisingependa kukuandikia nilichokikuta, ila hamkujifungia peke yenu.

Ipo njia moja tu. Andika barua kwa Mwenyekiti wa baraza, kwa cheo chako na saini yako, ukiri kwamba chama kiliagiza wanachama wafunge milango wakati wa zoezi halali. Nikiwa na barua hiyo mkononi nina sababu ya kusimama. Nitasema hesabu haikuonyesha hali halisi, nitasema na sisi tulikosea kuwajia watu kimya, nitaomba mtaa uhesabiwe upya, na nitatia saini yangu pembeni ya yako.

Najua maana yake. Watakuvua ukatibu, na huenda chama kikafutiwa usajili. Kiapo nilichokivunja nacho kitajulikana. Sikuombi jambo ambalo mimi mwenyewe silifanyi.

Uamuzi ni wako. Ukiendelea kunitukana, mwisho wa siku malori yataegeshwa.

Ndugu yako


30 Machi

Msasa,

Barua uliyoitaka iko ndani ya bahasha hii. Mistari kumi na minne. Nimeiandika kama ulivyosema, kwamba ni mimi niliyeagiza, kwamba wanachama walitii kwa nia njema, kwamba adhabu yoyote ije kwangu. Niliisoma mbele ya wote jana. Kuna walionizomea. Mama Vitanda hakunizomea, alinitazama tu, na bora angezomea. Baba aliniuliza kama nina hakika na wewe.

Nikamwambia sina, lakini sina mwingine.

Yangu nimetia saini. Tia yako.

Dada


5 Aprili

Dada,

Najua habari zimekufikia kabla ya barua hii. Nakuandikia kwa sababu hutaki simu, na pia kwa sababu kwa simu nisingeweza.

Nilisimama. Hilo amini. Niliisoma barua yako yote kwa sauti, mistari yote kumi na minne. Nilikuwa na karatasi yangu ya pili mkononi, ile ya kuomba hesabu mpya, imeandikwa, imebaki saini. Mwenyekiti akasema, "Bwana Mipango, kabla hatujaendelea, tuambie. Mitaa mingine kumi na sita, hesabu yake ni safi?" Wageni wa kutoka juu walikuwa wamekaa safu ya mbele na nakala za ripoti magotini.

Nikasema ni safi.

Akaniuliza, "Kwa hiyo kipimo hakina tatizo, tatizo ni hawa waliokihujumu?" Nikasema ndiyo. Baada ya hapo karatasi ya pili haikuwa na pa kuingilia. Nikaikunja. Wakapiga kura, mikono yote juu. Barua yako imeingizwa kwenye kumbukumbu kama ushahidi wa hujuma.

Niliogopa, Dada. Sina neno zuri la kulifunika. Kichwani nilimwona mke wangu, nikaona nyumba tunayokaa ambayo ni ya cheo, nikaona miaka yangu yote ya kazi inashuka stoo na yale madaftari. Mdomo ukasema wenyewe.

Nimewaombea siku arobaini za kuhama, wao walitaka kumi na nne. Na eneo jipya la viwanda vidogo, kule ng'ambo ya machinjio, nimehakikisha mtapewa vibanda. Najua hii si kitu. Nitakuja kumwona Baba Jumapili, kama utaruhusu.

Ndugu yako


17 Mei

Afisa Mipango,

Jumapili ile ulikuja, uliukuta mlango wa 30 umefungwa. Safari hii kweli hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimemchukua Baba tukaenda kwa shangazi ili asikuone.

Tumehama. Milango kumi na mitano haikuhama, wenyewe wamesema basi. Mmoja wao, Fundi Kipara, ameuza randa zake zote kwa mtu wa vyuma chakavu, kwa kilo. Mama Vitanda yuko na mimi. Kuhusu wanafunzi ishirini na sita, tisa tu ndio wamefika huku, kwa sababu ni mbali na hawana nauli ya kila siku. Siyo kwamba nakuomba kitu. Nakupa takwimu, nawe ndiye unayezipenda.

Vibanda ni vya bati, na harufu ya machinjio inaingia kwenye mbao. Siku ya kwanza alikuja binti wenu mmoja na kizibao cha kijani, mwenye adabu zake, akaweka meza, tukapanga foleni kusajiliwa. Nyuma yake lilibandikwa bango lenye vile viashiria vyenu sita, kwa rangi. Cha tatu ni idadi ya biashara mpya zilizofunguliwa. Tukasajiliwa mmoja mmoja, wenye karakana ishirini na sita tuliohama, kila mmoja biashara mpya. Nikamwambia binti, mwanangu, hawa hawajafungua kitu, wamefukuzwa. Akasema fomu haina sehemu hiyo. Kwa hiyo robo hii utapanda, na wageni wa kutoka juu watarudi kukupigia makofi.

Zamu ya Baba ikafika. Binti akamuuliza amekuwa kwenye ufundi kwa muda gani, akajibu miaka hamsini na miwili. Akamtazama, akatazama fomu, akaandika mwaka huu. Baba hakubisha. Aliketi ameshika kofia magotini, akajibu kila alichoulizwa kwa sauti ndogo, umri, aina ya kazi, idadi ya vifaa.

Mwishoni kabisa fomu inauliza idadi ya watoto. Baba akasema, "Mmoja." Binti akamuuliza tena, kwa kuhakikisha, na Baba akarudia, "Mmoja, huyu hapa." Akaandika moja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nikaiona kalamu inavyopita, na sikumsahihisha.

Fundi seremala, kibanda namba 12